Majina ya watu yananipotea palepale, je nina dharau au naumwa?

Msomaji mmoja wa Dar kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Mimi mwanaume wa miaka 36, nimeoa mwaka jana, mke wangu kwao Moshi. Shida yangu ni majina. Sio kwamba nasahau baada ya mwezi, hapana, mtu anajitaja na kabla hajaachia mkono wangu jina limeshapotea. Desemba tulienda ukweni, ukapita utambulisho wa watu kama 30, nikatoka na majina mawili. Kesho yake nikamuita mjomba wake mzee Kimaro kumbe ni mzee Kimambo, ikawa stori ya sikukuu nzima. Mke wangu anasema hiyo ni dharau, mtu usiyemshika jina ni mtu usiyemjali. Anasema pia nikiwa kwenye mpira anaongea robo saa sisikii, ila akinitaja tu kwenye simu na dada yake nageuka fasta, kwa hiyo masikio ninayo, ni kiburi. Je ubongo wangu una shida? Ninunue zile dawa za kuongeza kumbukumbu wanazouza mtandaoni?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la dawa maana ndo linaloweza kukupotezea hela leoleo: usinunue. Hakuna kidonge ninachokijua kitakachokushikisha majina ya wakwe, na kwa ulivyoeleza hata sioni kama kumbukumbu ndo yenye kosa. Umechanganya mambo mawili ambayo kwa nje yanafanana, kuna jina ambalo halikuingia kabisa, na kuna jina lililoingia likagoma kutoka. Wale watu 28 uliowakosa ni kundi la kwanza, mzee Kimambo ni kundi la pili, na kila kundi lina mambo yake.

Turudi kwenye ule utambulisho. Najua ulivyokuwa maana ni uleule nchi nzima, mnakaa duara, mwenye kiti anasema "tuanzie huku kulia", na kuanzia hapo kichwa chako hakipo tena pale. Unahesabu wamebaki wangapi kabla yako. Unajiuliza nisimame au nijitaje nimekaa, nianze na Bwana Yesu asifiwe kama yule mama au niseme habari za jioni tu, nitaje majina mawili au matatu, niseme kazi yangu au nikisema nitaonekana najisifu. Huku wewe unapanga hotuba yako ya sekunde kumi, watu watano wameshajitaja, na umewaitikia wote kwa tabasamu. Halafu zamu yako inapita, unashusha pumzi, unajikagua "nimesema vizuri kweli?", na hapo wanapita wengine wawili.

Hili limepimwa. Mwaka 1973 mtafiti anaitwa Malcolm Brenner aliwakalisha watu kwenye duara wakawa wanasoma maneno kwa sauti kwa zamu, baadaye akawauliza wanakumbuka nini. Maneno ya mtu mwenyewe yalikumbukwa vizuri tu, ila maneno ya waliosoma sekunde chache kabla ya zamu yake yalikuwa kama hayakusemwa. Na utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba mtu akiambiwa mapema awe makini na wale wanaomtangulia, shimo lile linazibika. Ndo maana nasema sio kumbukumbu. Kama kumbukumbu ndo ingekuwa mbovu, kuonywa kusingesaidia kitu. Kilichokosekana ni umakini, na kitu ambacho hakikupewa umakini hakiwezi kusahaulika kwa sababu hakikuwahi kuwemo.

Sasa wewe unasema hata mtu mmoja tu mkishikana mkono jina linapotea. Ni mambo yaleyale ila kwa spidi. Angalia salamu zetu zilivyo kazi: mtu anakuja mbele yako, kwanza unampima, huyu ni wa shikamoo au wa mambo vipi? Mvi anazo ila mkeo kamuita kaka. Ukikosea hapo ni balaa kubwa kuliko kusahau jina, kwa hiyo akili yote iko kwenye hesabu ya umri. Mkono bado mmeshikana, anauliza safari ilikuwaje, Chalinze kuna foleni bado, mvua kwenu imenyesha, na katikati ya hayo yote kataja jina, mara moja, kwa sauti ya chini, kwenye ukumbi wenye muziki. Kile tunachoweza kukishikilia kichwani kwa wakati mmoja ni kidogo mno. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba ni vitu kama saba hivi, lakini Nelson Cowan alipopitia tena ushahidi mwaka 2001 akashuka mpaka vinne. Vinne! Umri, safari, foleni, mvua, nafasi zimejaa, jina linabaki nje mlangoni.

Na usidhani kusikia tu kunatosha. Hapa naingia kwenye kesi yako ya mpira maana mkeo kagusa kitu ambacho wanasaikolojia wamehangaika nacho toka miaka ya 1950. Colin Cherry, mwaka 1953, aliwavalisha watu hedifoni, sikio moja linasomewa habari hii na jingine habari nyingine, mtu anaambiwa fuata la upande mmoja na urudie kwa sauti. Upande wa pili walijua tu kwamba kuna mtu anaongea na kama ni mwanaume au mwanamke, basi. Kasema nini, hawajui. Hata lugha ilipobadilishwa ikawa Kijerumani wapo ambao hawakushtuka. Miaka sita baadaye Neville Moray akaenda mbali zaidi, akarudia orodha ya maneno yaleyale mara 35 kwenye sikio lisilofuatiliwa, na baadaye watu walipoulizwa hawakuyatambua kabisa. Mara 35, fikiria, na wewe wale wakwe walijitaja mara moja moja tu.

Ila huyohuyo Moray alipochomeka jina la mhusika mwenyewe upande ule usiofuatiliwa, kama theluthi moja ya watu walilisikia. Kwa hiyo mkeo kaona sawasawa, ila tafsiri yake ndo siikubali. Ukiwa kwenye mpira maneno yake yanafika sikioni, yanachujwa, mengi yanatupwa kabla hujajua kwamba yalikuwepo, na jina lako ni moja ya vitu vichache sana vyenye ruhusa ya kupita bila foleni. Sio kwamba umesikia kila kitu ukaamua kunyamaza. Halafu kuna nyongeza ambayo usimwambie: mwaka 2001 Conway na Cowan na mwenzao Bunting walikuta kwamba wanaonasa jina lao zaidi ni wale wenye uwezo mdogo wa kushikilia mambo kichwani, 65 kwa mia, wakati wenye uwezo mkubwa walikuwa 20 kwa mia tu. Yaani anayegeuka haraka akitajwa huenda ndo yule ambaye hata huo mpira haufuatilii kwa makini anavyodhani.

Unaweza kujiuliza mbona kazi za watu unazikumbuka, unajua yule wa shati la kitenge anauza spea Arusha, yule mama ni nesi KCMC, ila majina hakuna. Ni kawaida kabisa. Uingereza mwaka 1987 watafiti waliwaonyesha watu sura ngeni na kuwaambia huyu anaitwa hivi na kazi yake ni hii, na wakatumia makusudi maneno ambayo kwa Kiingereza yanaweza kuwa jina la ukoo au kazi. Ni sawa na huku kwetu tukuambie mzee huyu anaitwa Fundi, halafu mwingine aambiwe mzee huyu ni fundi. Neno ni moja, sura ni ileile, lakini lilipokuwa kazi watu walilishika na lilipokuwa jina likawaponyoka. Ukisikia fundi unaona saruji, unaona alivyokuzungusha kwenye choo chako miezi mitatu, unakumbuka shemeji yako naye ni fundi, kuna ndoano nyingi za kulitundikia. Jina halina hata moja. Mzee kuitwa Kimambo hakukuambii chochote kuhusu pua yake wala shamba lake.

Na hili watu wanalijua bila kusoma popote. Fungua simu yako uangalie ulivyohifadhi namba: Juma Bomba, Mama Neema Vitenge, Dogo Boda Kimara, Hamisi AC. Hakuna aliyekufundisha, ila ulijua kabisa kwamba ukiandika Juma peke yake baada ya wiki mbili utakuwa na Juma wanne na hujui yupi ni yupi. Lugha yetu pia imetulea vibaya kidogo kwenye hili, unaweza kukaa mtaa mmoja na Mama Neema miaka kumi, mnakopeshana chumvi, mnazikana, na jina alilopewa na wazazi wake hujawahi kulisikia. Hakuna anayeona ajabu. Mjomba wa mkeo ungemuita mjomba tu ungepona, na hata ungeonekana na adabu zaidi.

Sasa hilo la Kimaro na Kimambo. Mkeo analiona ndo ushahidi mkubwa, mimi naliona ndo habari njema kwenye barua yako yote. Mtu ambaye jina halikuingia hana kitu, ukimuuliza anakutolea macho. Wewe ulijua linaanza na Ki, ulijua lina silabi tatu, ulijua ni la Kichaga. Brown na McNeill, Marekani mwaka 1966, waliwasomea wanafunzi maana za maneno magumu wakisubiri ile hali ya neno kuwa mdomoni likagoma kutoka, na walikuta hata pale neno lilipogoma watu walijua herufi ya kwanza na idadi ya silabi mara nyingi kuliko ambavyo wangebahatisha. Wewe kwa bahati mbaya umeoa sehemu ambayo kuna Kimaro, Kimambo, Kimario, yote yamesimama foleni moja, ukivuta moja linakuja la jirani. Mjomba Kimambo aliingia kichwani vizuri tu, kilichokosewa ni kumtoa.

Kosa la aina hii mama yako anakufanyia kila siku. Anataka kukuita wewe, anaanza Ima, sijui Joy, we, we nani wewe, mpaka akufikie. Chuo kikuu cha Duke huko Marekani walilifanyia utafiti uliotoka 2016, wakakuta watu wanapobadilisha majina hivyo hawakosei ovyo, mtoto anaitwa jina la mtoto mwenzake, rafiki jina la rafiki. Na kuna kitu kilichowachekesha hata wao, mbwa wa nyumbani naye anaingia kwenye mzunguko wa majina ya familia ila paka haingii. Kwa hiyo ukiitwa jina la ndugu yako ujue umewekwa kwenye kapu la ndugu. Mzee Kimambo aliitwa kwa jina la kapu la wakwe waheshimiwa, sijui kama mkeo atakubali hii hoja ila ijaribu.

Kitu kingine, wewe unajiita msahaulifu lakini nina hakika sura za wale watu 30 ukizikuta kesho Kariakoo nyingi utazijua. Wenzetu wa chuo kikuu cha York, Uingereza, 2018, walikadiria kwamba mtu wa kawaida anatambua sura kama 5,000. Na Marekani mwaka 1975 Bahrick na wenzake waliwapima watu 392 kwa picha za waliosoma nao sekondari, wakakuta hata miaka zaidi ya thelathini baada ya kumaliza watu walichagua sura za wenzao kwa usahihi wa kama 90 kwa mia, wakati kuambiwa tu wataje majina bila kuonyeshwa chochote ilikuwa kazi ngumu. Ndo maana ule mchezo wa "unanikumbuka?" ni ukatili. Unakutana na mtu msibani, sura unaijua kabisa, anakushika mkono anakuangalia anacheka, "haya nitajie mimi nani". Kumbe ni wakala unayetoa kwake pesa kila wiki, ila umezoea kumuona kibandani nyuma ya nondo, leo kavaa suti na yuko kwenye turubai, mazingira yamehama na jina limebaki kibandani. Mimi watu wa hivyo nawaambia wazi, sura yako naijua sana nisaidie jina, na wakinuna wanune. Wale wa kwenye simu ndo kabisa, namba ngeni halafu "yaani umenisahau mara hii?".

Turudi kwa mkeo sasa, maana sitaki umuonyeshe haya ukashinda kesi yote. Kusema kusahau jina ni dharau, hapana, nimeshaeleza. Lakini umakini unaweza kuuelekeza, na hapo ana haki ya kukudai. Angekutajia bosi mpya wa kampuni yenu ungemshika, sio kwa sababu ubongo ulibadilika bali kwa sababu ungejiandaa. Kwa hiyo usiende ukweni na kisingizio cha sayansi. Mwambie tu ukweli kwamba hukujiandaa, na safari ijayo utajiandaa.

Kujiandaa kwenyewe kupo hivi. Mkiwa kwenye basi, Segera hivi, muombe akupe orodha ya watakaokuwepo, sio majina matupu, akupe na stori: mjomba Kimambo ndo yule aliyemlipia ada form three, ana mgomba mmoja anaupenda kuliko watoto. Hapo jina linapata ndoano. Ukifika kwenye duara, hotuba yako iwe imeshaandaliwa toka nyumbani, sentensi mbili, ili zamu ikikaribia usiwe na kitu cha kupanga. Usijaribu kushika wote 30, chagua sita au saba ambao utakula nao na kulala nyumbani kwao. Mtu akijitaja usikubali kupita kama hukusikia, omba arudie hapohapo, "samahani jina sijalishika vizuri". Sekunde ya kwanza ni heshima, watu wanafurahi ukiuliza, ila ukingoja mpaka Pasaka ndo unatafutiwa kikao.

Halafu kosa ambalo wengi wanafanya, wanalikariri jina mfululizo, Kimambo Kimambo Kimambo, wanadhani limeingia. Linakaa kwa dakika moja linaondoka. Mwaka 1978 Landauer na Bjork walijaribu hasahasa kwenye majina ya watu na wakaona kinachofanya kazi zaidi ni kulivuta mwenyewe kutoka kichwani kwa nafasi zinazoongezeka, mara ya kwanza mapema sana, kisha unaacha kidogo, kisha unaacha zaidi. Kwa hiyo baada ya kusalimiana, geuka chukua soda, jiulize yule kaitwaje? Ukienda kunawa jiulize tena. Usiku kabla ya kulala wapitie kwa sura, na ukikwama muulize mkeo gizani hapohapo, hilo litamfurahisha kuliko maelezo yote niliyoyaandika hapa. Asubuhi salimia kwa jina, shikamoo mjomba Kimambo. Na grupu la wasapu la ukoo lipo, picha za watu zipo, tumia.

Kuhusu ile aibu, unasema imekuwa stori ya sikukuu nzima. Gilovich na wenzake kule chuo kikuu cha Cornell, Marekani, kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, kitu ambacho vijana wale walikiona ni aibu, wakawaingiza kwenye chumba chenye watu. Waliovaa walikisia kama nusu ya watu wameiona. Walioiona kweli hawakufika robo. Kwa hiyo hiyo "sikukuu nzima" yako ipunguze mwenyewe. Na kati ya wale 30, muulize shemeji yako kimyakimya wangapi wanakumbuka jina lako wewe, tofauti na "mume wa Rehema" au jina lolote la mkeo.

La mwisho ni afya, maana umeuliza kama unaumwa. Kusahau majina ya watu wapya ukiwa na miaka 36 sio dalili ya ugonjwa. Ningekuwa na wasiwasi kama ungesahau majina ya watu wa ndani ya nyumba yako, kama ungepotea njia unayopita kila siku, kama ungeuliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja na hujui kwamba uliuliza, au kama hali imebadilika ghafla ndani ya wiki chache. Kama ni sura ndo huzitambui, hata ya ndugu, mpaka asikike sauti, hiyo nayo ni hali yake, wengine wanazaliwa nayo na haihusiani na usahaulifu. Vitu vinavyochafua umakini kwa vijana wa umri wako ninavyokutana navyo zaidi ni kulala masaa manne tu kwa usiku, pombe, sonona ambayo mtu hajui kama ni sonona, na dawa fulani za mzio zinazoleta usingizi. Upungufu wa damu, wa vitamini B12 na matatizo ya tezi shingoni pia yanafanya hivyo na yanapimika kwa damu. Ukiona kimoja wapo kinakuhusu nenda hospitali ya kawaida tu uanze na daktari wa kawaida, mtajie dawa zote unazotumia, na nenda na mkeo, maana kwenye kuelezea unavyosahau yeye anakumbuka mifano mingi kuliko wewe.